Mashine Inacheza

Nilipomwambia mama watoto kwamba mashine yangu inacheza, aliuliza, "Ngoma gani?" Kwake yeye, chuma kilichomnyang'anya stoo ya mkaa hakina haki ya kucheza.

Ni mashine ya kuchonga chuma, ile ndogo ya kukaa mezani. Niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, ikiwa imeshazeekea mikononi mwa wengine. Meza yake inasukumwa na skrubu ndefu: zungusha mpini mara moja, meza inatembea milimita 2. Ukienda upande mmoja, raha. Ukigeuza kurudi, mpini unazunguka bure karibu nusu mzunguko na meza imetulia tuli, kama mgeni asiyetaka kuaga. Huko ndiko kucheza kwenyewe. Nilitoboa matundu mawili ya kitako cha pampu ya maji yaachane milimita 40, yakaachana 39.2. Bolti ya pili ikakataa katakata.

Basi Jumamosi, nikiwa nimeshavaa suruali ya harusini (harusi ilikuwa saa kumi, mimi nikajipa nusu saa), nikaingia stoo. Nati ya shaba iliyo chini ya meza, ile ambamo skrubu ndefu hupita, imechanwa ubavuni na ina kiskrubu cha kuibana. Nikaiosha kwa mafuta ya taa kwenye karai, nikairudisha, nikabana. Inacheza. Nikabana tena. Inacheza, ila kidogo. Nikabana kwa hasira.

Haya yote niliyafanya meza ikiwa katikati. Skrubu kuukuu hulika zaidi katikati, ndiko kazi nyingi hufanyika. Huku mwisho bado nene kama mpya. Hilo nililijua. Nadhani nililisahau kwa makusudi.

Nikaipeleka meza mwisho. Ikawa nzito. Nikasema ni grisi haijasambaa. Ikaganda kabisa. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili nipate nguvu, nikavuta kwa mwili mzima, bomba likachomoka, nami nikakaa kitako ndani ya karai.

"Hiyo sasa ndiyo ngoma," akasema mama watoto mlangoni, kanga mkononi, tayari kwa safari.

Tukamwita mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa kukereza vyuma wa siku nyingi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mbona umelowa?" Hakusubiri jibu. Akashika meza iliyoganda, akaisukuma na kuivuta kwa viganja tu. "Mwanangu, tazama mpini."

Mpini ulikuwa ukitoka na kuingia kama ulimi wa kenge! Skrubu nzima ilikuwa inatembea mbele na nyuma pale kwenye beringi yake, kwa sababu nati ya mwisho, nyuma ya mpini, ile inayoonekana hata na mtoto, ilikuwa imelegea. Spana moja, robo mzunguko. Kisha akakilegeza kiskrubu changu, meza ikapita toka mwanzo hadi mwisho kama iko juu ya siagi. Tulipopima kwa geji, mchezo uliobaki ulikuwa milimita 0.15.

"Huo uache," akasema. "Ukitaka kutoboa, njoo toka upande mmoja siku zote. Ukipitiliza, rudi mbali, halafu uje upya. Na hiyo suruali uivue."

Nyingine safi sikuwa nayo. Harusini tulifika saa moja usiku. Mama watoto alikaa meza ya mbali na yangu, na mpishi wa pilau aliniomba kwa adabu nisisogelee moto.