Stelingi hafi, lakini msaliti ana hoja

Kila aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza anaijua kanuni ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafukiwa akiwa hai, na bado atatokea mwishoni kumalizana na adui. Kwenye filamu za ngumi kanuni hii haimsumbui mtu. Inasumbua kwenye zile filamu za ajabu ambamo mhusika anaambiwa achague kati ya ulimwengu huu na ule. Mtu asiyekufa anachagua nini hasa? Akikosea, mwandishi atamtafutia njia. Anayechagua kweli ni yule anayesimama pembeni ya stelingi, yule ambaye akikosea anazikwa.

Ndiyo maana kwenye The Matrix, ile ya akina Wachowski ya mwaka 1999, mimi huwa namfuatilia Cypher, msaliti. Filamu ina zaidi ya robo karne, kwa hiyo asiyeiona asinilaumu kwa kumwaga siri.

Kwa kifupi: mashine zimeitwaa dunia, wanadamu wamelazwa kwenye vifuko vya majimaji wakikamuliwa nishati, na akili zao zinaoteshwa ndoto moja ya pamoja iitwayo Matrix, jiji la kawaida lenye kodi ya nyumba na bosi mkali. Morpheus, kiongozi wa waasi waliokwisha kuamka, anamkalisha stelingi, Neo, kitini na kumnyooshea vidonge viwili. Ukimeza cha bluu utaamka kitandani kwako uamini utakacho. Ukimeza chekundu utaoneshwa ukweli. Neo anameza chekundu, na tangu hapo kila mtu mtandaoni anayejiona ameamka kuliko wenzake hudai kuwa naye alikimeza.

Cypher alikimeza miaka tisa kabla hatujakutana naye. Tuangalie alichovuna. Analala na waasi wenzake ndani ya chombo cha chuma chenye baridi, na nguo zao wote zimechakaa. Chakula ni uji mweupe wa protini ya seli moja uliotiwa vitamini na madini. Mwenzao Dozer anautetea kwamba una kila kitu mwili unachohitaji, sifa ambayo hakuna aliyewahi kuipa pilau. Kinywaji ni gongo analopika huyo huyo Dozer, na Cypher mwenyewe anasema linafaa kwa kazi mbili: kutoa grisi kwenye injini na kuua seli za ubongo. Usiku mmoja anamkaribisha Neo kikombe na kumtolea lililo moyoni: kwa nini, jamani, sikumeza cha bluu?

Kisha tunamkuta mgahawani, ndani ya ndoto, mkabala na Smith, wakala wa mashine, steki mbele yake. Anainyanyua kwa uma na kuitazama. Anajua haipo, anajua akiitia mdomoni ni Matrix inayoiambia akili yake kwamba ni laini na tamu. Anaitia mdomoni hata hivyo, na raha inaonekana usoni. Masharti yake ya kumuuza Morpheus na kurudi ndotoni ni mepesi: asikumbuke chochote, awe tajiri, awe mtu wa maana, mwigizaji kwa mfano. Smith anamwambia atapata lolote atakalo, Bwana Reagan. Wamarekani, waliowahi kumchagua mwigizaji wa jina hilo kuwa rais mara mbili, hawakuhitaji kufafanuliwa utani.

Hoja kubwa ya upande wa Cypher si tumbo. Ni kwamba hakuambiwa. Morpheus anaahidi ukweli na si zaidi, lakini haelezi kwamba ukweli wenyewe unaliwa kwa kijiko kila siku. Hata mkopo wa simu una vigezo na masharti, japo hakuna anayevisoma. Hapa havikuwepo kabisa. Angalia kinachotokea Neo anapoelezwa hali ya dunia: anatapika na kuzimia. Akizinduka anauliza kama hawezi kurudi. Morpheus anajibu hapana, halafu ndipo anamfungulia kwamba wana kanuni ya kutoitoa akili iliyovuka umri fulani, kwa kuwa ni hatari, na kwamba yeye ameivunja. Habari nzuri hiyo, ila kidonge kilishafika tumboni. Cypher atakuja kusema kwamba wangelijua hili mapema, wangemwambia Morpheus mahali pa kukitia kidonge chake.

Upande wa pili nao si wa kubeza. Morpheus anasema Matrix haielezeki, sharti uione mwenyewe, na kuna wanafalsafa wa kumuunga mkono. L. A. Paul wa Marekani aliandika kitabu kizima mwaka 2014 juu ya chaguo ambazo huwezi kuzipima kabla hujazipitia, na mfano wake mmojawapo ni mtu anayepewa nafasi ya kuwa vampaya. Ukiwauliza vampaya watakusifia maisha yao, lakini hao wanaojibu wameshakuwa vampaya. Paul anautumia mfano huo kufikia suala la kuzaa mtoto. Msomaji aliye kwenye ndoa anaweza kuurefusha mwenyewe bila msaada wangu.

Nakubali nusu tu. Yapo yasiyoelezeka, ndiyo. Lakini “hutarudi” inaelezeka. “Umri wako umeshapita, unaweza kuchanganyikiwa” inaelezeka, tena kwa sentensi moja. Morpheus aliyanyamazia haya kwa sababu alimtaka Neo, akiamini ndiye mkombozi wao, na kumtaka mtu kwa kiasi hicho ndiko kulikomfanya akose subira ya kumwachia achague akiwa na macho mawili.

Mbona basi hakuna anayemlilia Cypher? Kwa sababu ameua. Amewachomoa wenzake Apoc na Switch kwenye mitambo mmoja baada ya mwingine, akili zao zikiwa bado ndotoni na wao hawajiwezi, na amempiga Dozer akafa. Ni unyama, haina mjadala. Ila hapo ndipo filamu inapotuchezea shere. Ilikuwa na maswali mawili mezani: je, ni kosa kuichagua ndoto tamu? Na je, ni kosa kuinunua kwa roho za wenzako? Imeyafunga pamoja, na kwa kuwa la pili jibu lake liko wazi, tunatoka ukumbini tukidhani tumejibu na la kwanza. Fikiria Cypher mwingine, asiyemdhuru mtu, anayeomba tu arudishwe kwenye kifuko chake. Morpheus angemzuia kwa haki gani?

Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick alibuni mtambo wa kukupa maisha yoyote ya raha unayotaka, ukiwa umelala, na akaamini watu wangeukataa kwa sababu tunataka kuishi kweli, si kuhisi tu kwamba tunaishi. Kwa muda mrefu hilo lilionekana pigo la mwisho. Mwaka 2010 Felipe De Brigard akaligeuza: aliwaambia wanafunzi wajichukulie kuwa tayari wamo mtamboni, je, wangependa kuchomolewa? Walioambiwa kwamba huko nje wao ni wafungwa kwenye gereza lenye ulinzi mkali walikataa kwa wingi, wakabaki na ndoto yao. Wengine waligawanyika. Inaelekea tunachokipenda si ukweli kwa jina lake, tunapenda pale tulipokwisha kuzoea. Kama ni hivyo, basi Neo ni wa kushangaza kuliko Cypher.

Kuna jambo moja tu linalonifanya nisimpe Cypher kura nzima, nalo limo kwenye mkataba wake. Ameshathibitisha mbele ya sahani kwamba anaweza kufaidi steki huku akijua ni ya uongo. Kwa nini basi adai afutwe kumbukumbu? Si kwa ajili ya uji. Kuukumbuka uji kusingemwondolea hamu ya steki. Anayetaka kusahau ni mtu aliyeshapanga kufanya jambo ambalo hataki kuishi nalo.

Filamu ya pili ya mfululizo, ya mwaka 2003, ilikuja kuvuruga hesabu zaidi. Msanifu wa Matrix anamweleza Neo kwamba karibu watu wote, asilimia 99, huikubali ndoto mradi tu wapewe nafasi ya kuchagua, hata kama hawajui kuwa wanachagua. Na kwamba Neo ni mkombozi wa sita, watano wamepita mlango huo huo. Maana yake kidonge chekundu nacho kilikuwa kwenye bajeti ya mashine. Watazamaji wengi walichukia hotuba ile kwa urefu wake. Mimi naona ndiyo sehemu pekee ambapo stelingi anaambiwa waziwazi kwamba yeye ni stelingi.

Hollywood ilikuwa imeshaichezea biashara hii ya malimwengu zamani. Kwenye It's a Wonderful Life ya mwaka 1946 malaika anamwonesha George Bailey mji wao ungekuwaje asingezaliwa. Mdogo wake amekufa utotoni, sawa, hilo ni zito. Lakini kilele cha majanga ni mkewe Mary: hajaolewa, amevaa miwani, na anafanya kazi maktaba. George anapigwa butwaa kama aliyeona maiti. Hakuna anayemuuliza Mary.

Ndiyo sababu naipenda zaidi Everything Everywhere All at Once, iliyotwaa Oscar saba mwaka 2023. Evelyn, mhamiaji kutoka China anayeendesha dobi la mashine huko Marekani, ameitwa na ofisi ya kodi na risiti zake hazieleweki. Katikati ya kikao anaanza kuyaona maisha yake mengine yote. Katika mojawapo alimkataa Waymond, huyu mumewe wa sasa, hakuolewa naye, akawa nyota wa filamu. Anarudi na kumwambia mumewe, kwa furaha kabisa, kwamba ameyaona maisha bila yeye na yalikuwa mazuri mno. Sijui kauli ya ndoa iliyo mbaya kuliko hiyo, na kila ukumbi hucheka.

Kule kwenye ulimwengu wa nyota, Waymond tajiri mwenye suti anamwambia Evelyn kwamba katika maisha mengine angependa kufua nguo na kulipa kodi pamoja naye. Wakosoaji wana haki ya kununa: ni rahisi kutamani kufua ukiwa na suti ile, na hadithi za namna hii huwaliwaza maskini wabaki walipo. Lakini hasifu dobi. Anasema pamoja naye, na hilo suti haikuweza kulinunua.

Hata hivyo Evelyn naye ni stelingi: anachagua akiwa ameshaona malimwengu yote. Waymond wa dobi haoni hata mmoja. Mwili wake unaazimwa na Waymond wa ulimwengu mwingine bila ridhaa, mkoba wake una karatasi za talaka, mkewe amemwambia maisha bila yeye ni matamu, na hajui kinachoendelea. Anamwendea Deirdre wa kodi, anazungumza naye, na wanaongezewa muda. Alipoulizwa amewezaje, hakuwa na maelezo. Alizungumza naye tu.