Bruselosi: sindano, au vidonge peke yake?

Bruselosi, ambayo wengi huiita brusela, ni ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwa mifugo, na una tabia ya kujifanya ugonjwa mwingine. Homa hupanda jioni na kushuka alfajiri, shuka hulowa jasho, kiuno na magoti huuma, chakula hakina ladha. Mgonjwa anaweza kuwa ameshatibiwa homa mbili tatu nyingine kabla mtu hajamuuliza kuhusu maziwa mabichi, au kama alimzalisha mnyama aliyetupa mimba. Kwa kawaida dalili huanza wiki 1 hadi 4 baada ya maambukizi, lakini huweza kuchelewa kwa miezi, na kufikia hapo nani anakumbuka alikunywa nini?

Kuhusu uti wa mgongo wa tiba hakuna ubishi: doksisaiklini miligramu 100, mara mbili kwa siku, wiki 6. Pia hakuna ubishi kwamba haitoshi ikiwa peke yake. Bakteria hawa huingia na kuishi ndani ya seli zilezile za kinga zilizotumwa kuwala, na dawa moja huwabakiza wengi mno. Ubishi uko kwenye dawa ya pili.

Tiba ya zamani ilikuwa sindano ya streptomaisini, gramu 1 kila siku kwa wiki 2 hadi 3. Mwaka 1986 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wakapendekeza rifampisini, miligramu 600 hadi 900 kwa siku, imezwe pamoja na doksisaiklini kwa wiki zote 6. Mvuto wake unaeleweka. Mgonjwa anaondoka na vidonge vyake, hahitaji kurudi kila siku kuchomwa, wala hatishiwi na madhara ya streptomaisini, ambayo huweza kuharibu usikivu na mizani ya mwili, na wakati mwingine figo. Sindano isiyofuatwa haimtibu mtu, na anayeishi mbali na zahanati ana sababu ya kutoifuata.

Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha tiba hizi mbili zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaotumia vidonge peke yake hurudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliochomwa sindano. Sababu moja inayotajwa imo ndani ya mchanganyiko wenyewe: rifampisini huliamsha ini livunje dawa haraka, na doksisaiklini ni mojawapo ya dawa zinazovunjwa. Yaani mwenzi mmoja anamla mwenzake. Kuna pia hofu ya kifua kikuu. Rifampisini ni nguzo ya tiba yake, na kumpa mtu mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, bila dawa nyingine za ugonjwa huo, ni kuualika usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Wanaotumia hoja hii kuitetea streptomaisini, hata hivyo, husahau kwamba nayo ni dawa ya kifua kikuu.

Mimi naona mzozo huu umekaa muda mrefu kwenye streptomaisini wakati jentamaisini, sindano ya jamii hiyohiyo, ipo. Hutolewa kwa siku 7 hadi 10 tu, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mgonjwa, na wengi wanaikubali kuwa mbadala unaofaa. Masikio na figo bado ni za kuangaliwa, ila safari za kwenda kuchomwa zinapungua karibu kwa nusu au zaidi. Basi hoja ya usumbufu, ambayo ndiyo nguvu kubwa ya upande wa vidonge, inapungua uzito. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, mwenye figo nzima na anayeweza kufika kituoni, ningeanza na sindano.

Ukipata ugonjwa uliojikita kwenye pingili za mgongo, sioni hata pa kusitasita: sindano iwemo, na vidonge viendelee angalau wiki 12. Ukifika kwenye vali za moyo, jambo lisilotokea mara nyingi lakini ndilo linaloongoza kwa kuua miongoni mwa wagonjwa hawa, dawa huongezwa na mara nyingi mpasuaji huitwa. Mjamzito anabadili hesabu yote: streptomaisini inaweza kumfanya mtoto aliye tumboni kuwa kiziwi, na doksisaiklini huepukwa, kwa hiyo rifampisini ndiyo inayobaki mstari wa mbele. Kwa watoto walio chini ya miaka 8 huunganishwa na kotrimoksazoli.

Kinachowaangusha wagonjwa wa pande zote mbili ni kwamba homa hushuka mapema, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza, na vidonge vya wiki 5 zilizobaki vinaonekana ziada. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida ndani ya miezi 6, bakteria huwa bado wanasikia dawa zilezile, hivyo tiba huanza upya bila kutafuta kitu kikali zaidi. Ila kurudi huko kuthibitishwe kwa dalili na kwa kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wamo. Kipimo cha kingamwili huweza kubaki chanya kwa miezi mingi baada ya mtu kupona, na wapo wanaomeza dawa tena kwa sababu ya karatasi ya maabara peke yake.