UUID: tusiite "toleo" kitu ambacho ni aina

Mtu akisikia kuna UUID (kitambulisho cha biti 128 kinachokusudiwa kuwa cha pekee) vesheni ya 4 na vesheni ya 7, huifikiria kama programu ya simu: ya 7 ndiyo mpya, ya 4 imepitwa, tuhame. Sivyo. Namba hiyo inataja tu njia iliyotumika kutengeneza kitambulisho. Ya 1 hutumia saa na, kwa kawaida, anwani ya kadi ya mtandao. Ya 4 biti za nasibu. Ya 5 jina lililopitishwa kwenye SHA-1, kanuni inayogeuza data kuwa alama fupi. Ya 7 saa ya Unix kwa milisekunde, kisha biti za nasibu. Zote ni halali leo, na ya 4 haijastaafishwa na yeyote.

Waliotunga kiwango walilijua tatizo. RFC 4122, hati ya kiwango cha intaneti ya Julai 2005, ilikiri kwamba vesheni kwa usahihi zaidi ni aina ndogo, na kwamba varianti, yaani biti zinazoonyesha mpangilio wa UUID, ndiyo iliyostahili kuitwa aina. Majina ya zamani yakabaki ili mambo yaende sawa na yaliyotangulia. RFC 9562, iliyochukua nafasi yake Mei 2024, imeongeza ya 6, ya 7 na ya 8, lakini majina ni yaleyale. Kiingereza kimeshafungwa na historia yake, sisi bado. Kwa nini tuandike "toleo la 7" na kurithi kosa ambalo wenyewe wamelikiri? Napendekeza vesheni tuiite aina, na varianti tuiite ukoo. Ukoo huamua biti zisomwe vipi. Aina ina maana ndani ya ukoo wake tu.

Tazama f47ac10b-58cc-4372-a567-0e02b2c3d479. Anza na kundi la nne. Herufi yake ya kwanza, a, imebeba ukoo: kwa UUID za RFC huwa 8, 9, a au b, kwa sababu biti mbili za mwanzo ni 1 na 0. Ikiwa ni nyingine, usihangaike na aina. Ikiwa sawa, rudi kundi la tatu: 4 ya mwanzo ndiyo aina. (Lugha ya programu ya Java ukiiuliza ukoo hujibu 2, na wapo wanaodhani imekosea. Hiyo 2 ni zile biti 10 zilizosomwa kama namba.)

Wanaodhani aina ni matoleo huandika kichujio kinachokubali [1-5] pekee, halafu siku mfumo wa jirani unapoanza kutuma aina ya 7, maombi yote yanakataliwa. Ruhusu 1 hadi 8, na amua waziwazi utafanya nini na UUID ya sifuri tupu na ile ya f tupu, maana hizo mbili hazimo kwenye ukoo huu.

Neno jingine lenye mtego ni "wakati". RFC 4122 iliita biti 60 muhuri wa wakati hata kwenye aina ya 4, ambako ni nasibu tupu, na aina ya 3 na 5, ambako zimetoka kwenye jina. Python ukiiomba .time ya UUID ya aina ya 4 itakupa namba bila kulalamika. Java angalau hukataa kwa kosa. Na hata wakati ukiwepo kweli, aina ya 1 huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu 15 Oktoba 1582, ilhali aina ya 7 huhesabu milisekunde tangu 1970, kwa biti 48. Soma aina kwanza, ndipo usome saa.

Halafu kuna GUID, jina linalotumiwa na Microsoft. Wengi husema ni jina la pili la UUID, na kwa maandishi ni kweli. Kwa baiti, hapana. Kiwango kinataka baiti kubwa itangulie, lakini Guid ya .NET (jukwaa la programu la Microsoft), ukiitoa kwa ToByteArray() ya kawaida, hugeuza makundi matatu ya mwanzo. Hivyo 00112233-4455-6677-8899-aabbccddeeff hutoka 33 22 11 00 55 44 77 66, kisha 88 na kuendelea kama kawaida. Ukiihifadhi hivyo kwenye safu ya baiti 16 na programu ya Java ikaisoma, kitambulisho ni kingine kabisa, na hakuna kosa litakaloonekana. Mfano huohuo ndio jaribio zuri: uandike upande mmoja, usome upande wa pili, kabla ya kuingiza hata rekodi moja ya kweli.