Ukiomba Hekima, Kubali na Kupimwa

Kila Mkristo anapofika njia panda, aya ya kwanza kumjia ni Yakobo 1:5: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Inasomwa kabla ya mtihani, kabla ya posa, kabla ya kusaini mkataba, kabla ya kuhama. Ahadi ni pana na mlango wake uko wazi kwa yeyote. Kinachowagawa waumini ni kinachofuata baada ya "amina": hekima hiyo itamfikiaje mwombaji?

Wako wanaosema: ngoja usikie. Mungu ana mpango mahususi kwa kila hatua ya maisha yako, na atakuonyesha kwa amani moyoni, kwa ndoto, kwa ujumbe wa mtumishi wake au kwa mlango utakaofunguka wenyewe. Usipige hatua kabla hajasema. Wengine wanajibu kwamba Mungu amekwisha kusema kwa kiasi kinachotosha. Amekupa Neno, amekupa akili, amekupa kanisa na wazee. Omba, fikiri, uliza, kisha amua, na uwajibike kwa uamuzi wako. Kwa macho yao, kungoja sauti ni uvivu uliovikwa kanzu ya kiroho. Kundi la kwanza nalo linawaona hawa kama watu wanaomkaribisha Mungu kikaoni baada ya ajenda kufungwa.

Pande zote mbili zina hoja nzito, na zote mbili zina aibu zake. Nianze na hoja nzito ya upande wa kwanza, ambayo naipata katika Yoshua sura ya 9. Wagibeoni wanakaa karibu, lakini wanataka Israeli waamini kwamba wametoka nchi ya mbali. Wanakuja na magunia makuukuu, viriba vya divai vilivyopasuka na kutiwa viraka, viatu vilivyoshonwashonwa na mikate iliyokauka na kuingia koga. Wanasema mkate huu tuliutoa nyumbani ukiwa wa moto, sasa hebu tazameni. Wakuu wa Israeli wanatazama. Wanavichukua vile vyakula, wanavikagua, wanaridhika, wanafunga agano kwa kiapo. Siku tatu baadaye wanagundua kwamba hao ni majirani zao. Maandiko yanataja kosa moja tu: hawakutaka shauri kwa Bwana.

Hawakukurupuka, na hapo ndipo habari hii inaponigusa. Walihoji, na ushahidi wakaushika kwa mikono yao. Tatizo ni kwamba ule ushahidi uliandaliwa na mtu aliyejua wangetafuta nini. Akili hufanya kazi kwa kile kilichowekwa mbele yake, na mara nyingi anayekiweka ana shabaha yake. Kiapo kile kikawafunga vizazi na vizazi: mfalme Sauli alipowaua Wagibeoni, njaa ya miaka mitatu iliipiga nchi siku za Daudi. Anayesema "fikiri tu, utajua" aisome sura hii polepole.

Lakini upande huohuo una jeraha ambalo makanisa mengi hayataki kuliangalia. Kijana anamwendea binti baada ya ibada na kumwambia, "Bwana amenionyesha kwamba wewe ndiwe mke wangu." Kwa sentensi moja ameuondoa uhuru wa yule binti. Akikataa, anakuwa amemkataa Mungu. Hawezi kusema simpendi, hawezi kusema simfahamu, hawezi hata kuomba muda, kwa sababu muda wenyewe utahesabiwa kuwa uasi. Paulo, alipojibu maswali ya ndoa, aliandika katika 1 Wakorintho 7:39 kwamba mjane yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. "Amtakaye." Mtume aliyeona maono mengi kuliko wengi wetu hakumwambia mjane angoje ndoto, alimwachia mapenzi yake na mpaka mmoja.

Tena Biblia yenyewe haifichi kwamba mtu wa Mungu anaweza kusema "Bwana amesema" kabla Bwana hajasema. Daudi alipotaka kujenga hekalu, alimwambia Nathani, na Nathani akamjibu papo hapo kwamba afanye yaliyo moyoni mwake kwa kuwa Bwana yu pamoja naye. Usiku uleule neno la Bwana likamjia Nathani kumrudisha: si Daudi atakayejenga. Nathani alikuwa nabii wa kweli, rafiki wa mfalme, na wazo lenyewe lilikuwa jema. Hata hivyo alikosea. Ninachompendea ni kwamba kesho yake alirudi ikulu akayasema yale mengine. Ni mahubiri mangapi tumesikia ya mtu aliyerudi kusema "lile nililowaambia lilikuwa langu"?

Na katika 1 Wafalme 13 jambo linakuwa baya zaidi. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ameagizwa asile chakula wala asinywe maji huko Betheli. Nabii mzee anamfuata na kumwambia kwamba yeye naye ni nabii, na malaika amemwambia amrudishe ale. Alikuwa anadanganya. Yule akaamini, akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Aliacha agizo alilokuwa nalo wazi kwa sababu ya ufunuo wa mwingine ambao hakuupima.

Upande wa pili una hoja zake nzuri pia, na nadhani hazisemwi vya kutosha mimbarani. Musa alizungumza na Mungu uso kwa uso, lakini aliyemwokoa na kuchakaa alikuwa mkwewe. Yethro, kuhani wa Midiani, alikaa siku moja akatazama watu wakipanga foleni mbele ya Musa tangu asubuhi hata jioni, akasema, "Jambo hili ufanyalo si jema." Akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, kesi ndogo ziishie kwao. Hakuota wala hakuona kijiti kinachowaka. Alitazama, akahesabu, akasema, na Musa akasikia. Yethro mwenyewe aliongeza kwamba Musa afanye hivyo ikiwa Mungu atamwagiza, yaani alileta shauri lake lipimwe.

Waebrania 5:14 inazidi kuupa nguvu upande huu. Inasema watu wazima ni wale ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Kupambanua huko kunakuja kwa mazoezi. Mtu ambaye kila jambo anangoja aambiwe hazoezi chochote, na akifika miaka ishirini katika imani bado anamtegemea mtumishi fulani amwambie aajiriwe wapi na aoe lini. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwa fahari kwamba hajafanya uamuzi wowote mwenyewe tangu aokoke. Nilihuzunika, maana Sulemani pale Gibeoni hakuomba orodha ya hukumu. Aliomba moyo wa kuwahukumu watu na kupambanua mema na mabaya. Wanawake wawili walipokuja wakigombania mtoto, hakuna sauti iliyotoka mbinguni kutaja mama halisi. Sulemani alitaka upanga, akangoja kuona ni yupi atakayelia. Mungu alikuwa amejibu maombi yake tayari, ndani ya uwezo wa kubuni jaribio lile.

Ningeishia hapo kama si Ahithofeli. Mshauri huyu wa Daudi alijulikana hivi kwamba, kwa 2 Samweli 16:23, shauri lake lilikuwa kama mtu aulizaye neno la Mungu. Akili ya kiwango hicho. Absalomu, mwana wa Daudi, alipomwasi baba yake, Ahithofeli alijiunga naye, akampa mpango: watu 12,000, usiku huohuo, wamfuatie Daudi akiwa amechoka, auawe peke yake, watu wengine warudishwe salama. Ukiupima kwa vita tu, ulikuwa mpango bora kabisa. Maandiko yenyewe yanauita shauri jema. Ila lilikuwa jema katika kumwua mfalme aliyetiwa mafuta kwa agizo la Mungu. Hekima ya Ahithofeli haikupungua hata chembe alipovuka upande. Kilichogeuka ni alichokitumikia. Kwa hiyo anayesema "nimefikiri, nimeshauriana, hesabu zinakubali" bado hajajibu swali lote. Na Sulemani yuleyule wa upanga alimaliza na wake 700 na masuria 300, moyo wake ukageuzwa. Hakupungukiwa na akili, aliacha kusikia.

Sasa angalia kinachowaunganisha wote walioanguka. Wakuu wa Israeli hawakumwuliza Bwana. Kijana wa "nimeonyeshwa" hataki kuulizwa. Mtu wa Yuda alipokea bila kuuliza. Sulemani alikuwa na agizo wazi kuhusu wanawake wa mataifa, akalipita. Mmoja alitegemea macho, mwingine ufunuo, mwingine akili, lakini wote walifika mahali ambapo neno lao halikupimwa na lolote lililo nje yao. Ndiyo maana naona mabishano ya sauti na akili yanakosa shabaha. Mungu anatumia vyote viwili. Cha kumwuliza mwombaji ni kama yuko tayari alichopokea kipimwe, kwa Neno, kwa wenzake, kwa muda.

Mfano mgumu zaidi uko Matendo 21, na sitaki kuukwepa kwa sababu unaonekana kunipinga. Paulo amefungwa rohoni kwenda Yerusalemu. Huko Tiro, wanafunzi wanamwambia, kwa uwezo wa Roho, asipande kwenda. Kaisaria, nabii Agabo anauchukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi. Wote wanamsihi asiende. Anakwenda. Je, Paulo alikataa kupimwa? Sidhani. Tazama jinsi alivyokaa nao: alisikiliza Tiro siku saba, akasikiliza Kaisaria siku kadhaa, hakumwita yeyote adui wa mpango wa Mungu, akawaeleza sababu yake, kwamba yuko tayari kufungwa na hata kufa kwa ajili ya jina la Bwana Yesu. Agabo alisema kitakachotokea. Kwamba Paulo asiende, hilo walilitoa kwenye upendo wao. Habari ilikuwa moja, uamuzi ukatofautiana, na gharama ilikuwa ya Paulo mwenyewe. Ndipo wakanyamaza wakisema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Kushauriana hakukumlazimu kutii kila shauri. Kulimlazimu kulisikia mpaka mwisho.

Hiyo gharama ni kipimo ambacho mimi binafsi nakiamini sana. Anayesema Mungu amemwita yeye aache kazi nzuri akahudumu pagumu, nitamsikiliza kwa heshima. Anayesema Mungu amemwambia wengine watoe, wavumilie, waolewe, wanyamaze, huyo namtaka akae chini tuulizane kwa undani. Mitume walipoandika barua kutoka Yerusalemu walisema "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi", baada ya mabishano makali, ushuhuda wa Petro, taarifa ya Paulo na Barnaba, na Yakobo akisoma manabii. Neno "sisi" pale lina watu waliobishana.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, na hapohapo akasema, "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Anayependa nusu ya kwanza pekee na anayependa nusu ya pili pekee wote wameikata sentensi ya mtume. Na kuna mahali ambapo kuikata huku kunaua. Mgonjwa anaambiwa kwenye maombi kwamba amepona na dawa ni dalili ya kukosa imani. Pale hakuna haja ya kuchagua kati ya uponyaji na hospitali. Kama amepona, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayezisimamisha dawa. Mpaka hapo mgonjwa aendelee kuzimeza kwa saa zake, kanisa liendelee kumwombea, na aliyetoa ujumbe aitwe na wazee aulizwe ameupataje.