Kilowati si yuniti

Kwenye lango la ploti yetu hapa Free Area, Nakuru, kuna karatasi iliyobandikwa tangu Juni: "Shawa za umeme ni marufuku. Zinamaliza tokeni." Kila mpangaji ana mita yake na hujinunulia tokeni, kwa hivyo sababu hiyo ilinikera. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wengi wetu tuliiamini. Jirani yangu aliing'oa shawa yake akarudia koili ya ndoo. Na baridi hii ya Julai, anaamka saa kumi na moja alfajiri kupasha ndoo tatu, moja baada ya nyingine, wanawe waoge kabla ya shule.

Koili yake imeandikwa wati 1,500. Shawa yangu, ambayo bado sijaing'oa, ni ya wati 5,000. Hiyo ni nguvu, yaani kasi ya kula umeme. Yuniti tunayolipia ni nishati: kilowati moja ikiwaka saa nzima. Bila kujua kifaa kimewaka muda gani, wati peke yake hazikuambii lolote kuhusu tokeni.

Jumamosi tulipima. Ndoo ya lita 20, maji ya bomba yenye nyuzi 18, tuyafikishe 40. Lita moja hutaka kilojuli 4.2 hivi kupanda nyuzi moja, kwa hivyo ndoo nzima ni kama kilojuli 1,850, nusu yuniti na kitu kidogo. Tukazima friji na taa, tukasoma mita. Koili ilichukua dakika 23, ikala 0.57, maji yalikuwa yakipoa juu huku yakipashwa chini. Shawa ilijaza ndoo hiyohiyo kwa dakika 6 na ushei, ikala 0.53.

Jirani aliitazama mita kwa muda. "Kwa hivyo usingizi wangu wote huo nimeupoteza bure?"

Sikuwa na jibu la kumfariji.

Anayesimama chini ya shawa dakika 20 atakula zaidi ya yuniti moja na nusu, hilo kweli. Lakini hapo zilizokula ni dakika.

Mwenye nyumba ana hoja moja nzito ambayo hakuiandika. Wati 5,000 kwa volti 240 ni karibu ampea 21, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Nyumba sita zikiwasha shawa pamoja saa kumi na mbili asubuhi, waya mkuu wa ploti unabeba kilowati 30. Waya mwembamba utapata moto ndani ya ukuta, hata kama kila mtu ataoga dakika tano tu. Hapo nguvu ndiyo hatari, na watoto wamelala humo.

Ndiyo maana nimemwomba mzee aitoe karatasi ile, aandike unene wa waya na ukubwa wa swichi ambayo kila shawa lazima iwe nayo. Fundi wa kukagua nyumba yangu nitamlipa mwenyewe.