Unanunua pikap ya kuvuta tela halafu hujalala chini kuangalia chasisi?

Jumamosi saa nne asubuhi simu inaita, kuangalia ni shemeji. Simu za shemeji za saa nne asubuhi mi huwa nazipokea nimeshakaa chini kabisa. "Shem, njoo huku mteremko wa kushukia ziwani, tela limetupita." Nikauliza limewapita vipi, tela la nani? "Letu shem. Letu wenyewe. Limetupita kushoto."

Nikaenda. Pikap imepaki pembeni, hazadi zinawaka, imeoshwa, rimu zinang'aa utadhani inaenda kubeba bibi harusi. Mita kama hamsini mbele, tela na boti yake juu vimejichomeka kwenye lundo la mchanga la mtu anayejenga. Yule mtu Mungu ambariki amalize nyumba, maana huo mchanga usingekuwepo sa hivi ningekuwa naandika mambo mengine. Watoto wameshajaa, mmoja yuko ndani ya boti anapiga kasia hewani.

Nikadhani ndoano imechomoka. Wala. Ndoano ilikuwa bado imeng'ang'ania mdomo wa tela vizuri kabisa, boliti zote nne zipo na zimekaza. Kilichokuja nayo ni kipande cha chasisi ya pikap. Kimenyofoka. Nikakishika, nikakibana kwa vidole viwili kikamegeka matabaka matabaka kama chapati iliyokunjwa na mtu anayejua kazi, ndani rangi ya karanga zilizoungua, na juu kabisa rangi nyeusi mpya, bado inanukia.

Gari hiyo ana wiki tano nayo. Kabla ya kununua alinitumia picha ishirini na kitu, za taa, za siti, za redio (ina skrini kubwa kuliko tv ya mama mkwe), na video ya injini inaunguruma imewekewa na muziki. Ya chini hata moja. Nikamwandikia lala chini uangalie, akanijibu kwa sauti anacheka: "Shem acha woga, injini iko njema, dalali anasema hii inavuta hata meli."

Inavuta hata meli. Hiyo kauli ndo imenikalisha hapa kuandika.

Sasa kama kuna watu duniani hawatakiwi kudanganywa na habari za meli ni sisi wa Kigoma. Meli ya Liemba tunaijua. Wajerumani waliileta vipande vipande ikaungwa hapa hapa, ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe pale mto Malagarasi unapoingilia ziwani ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Injini za mvuke zikaja kutolewa miaka ya 1970 ikafungwa dizeli. Bodi lile lile! Yaani chuma cha chini kilikuwa kizima ndo maana kulikuwa na kitu cha kufungia hiyo dizeli. Lingekuwa limeoza wangeibua vyuma chakavu.

Na pikap ndo hivyo hivyo, hasa ya kuvuta. Injini ni kitu kinachohama. 5L ya Hilux ikifa utapata nyingine, 1HZ ya Landkruza ikifa utapata nyingine, utalia bei lakini utapata na fundi wa kufunga yupo. Chasisi ndo gari lenyewe, hata namba inayolitambulisha kwenye kadi imegongwa pale. Alafu watu wananunua gari ya kuvuta kwa kusikiliza mlio, kama wanachagua spika za harusi.

Hebu fikiria tela linavyofanya kazi. Linashika gari nyuma kabisa, pale mwisho wa chasisi. Ukiondoka linakuvuta, ukifunga breki linakusukuma, ukiingia shimo linakandamiza, ukitoka linanyanyua, na kutoka Mwanga mpaka Kibirizi mashimo hayo hayapungui. Uzito unaolala kwenye ndoano unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya tela na mzigo wake, sisi tunapanga mzigo popote panapotosha, leo tela linakandamiza mkia wa gari, kesho linaunyanyua. Nguvu yote hiyo inaenda kukaa kwenye vipande viwili vya chuma, kuanzia pale springi za nyuma zinaposhika mpaka mwisho. Na hapo hapo ndo kutu inapopenda, maana chasisi ya boksi ndani ni tupu, tope linaingia kwenye matundu, halitoki, linakaa linakunywa maji msimu mzima. Inaoza kutokea ndani kuja nje. Ukija kuona nje pamevimba, ndani kulishaisha zamani.

Sasa huku kwetu ongezea chumvi. Nilimfuatilia yule dalali taratibu bila ugomvi, nikanunua soda mbili, mwishowe akasema gari ilikuwa inapiga kazi upande wa Uvinza. Kazi gani? "Mizigo tu." Mizigo gani kaka? Akaangalia pembeni. Chumvi! Magunia ya chumvi yanavuja maji, maji yanashuka kwenye bodi, yanaingia kwenye chasisi, miaka. Kutoka leo, ukisikia pikap imetokea Uvinza uliza ilibeba nini kabla hujauliza bei.

Na zilizotoka nje msizione malaika. Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, Japani sehemu za theluji hivyo hivyo, gari inatembea humo miaka kumi halafu inaletwa Dar inang'aa kama sahani. Hata wenyewe wenye kutengeneza yamewakuta: Marekani mwaka 2016 Toyota walikubali kumaliza kesi ya chasisi za pikap zao za Tacoma na Tundra kuliwa na kutu, gharama ikatajwa kufika mpaka dola bilioni 3.4, wakawa wanakagua na zilizooza wanabadilisha chasisi nzima. Wewe wa Gungu nani atakubadilishia?

Kwa hiyo beba nyundo ndogo. Sitanii. Vaa nguo mbaya, tandika boksi, lala chini, gonga chasisi taratibu kuanzia chini ya kabini kwenda nyuma, kila baada ya shubiri. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinajibu bufu, kama umegonga gunia. Gonga zaidi juu ya ekseli ya nyuma pale chasisi inapopinda, na pale springi zinaposhika, na pale ndoano inapofungwa. Ukiona bati limechomelewa juu ya chasisi, uliza chini yake kuna nini. Ukiona matundu ya boliti yamekuwa mayai, hiyo imeshavuta sana na imevuta vibaya. Na ukikuta chini kote pamepakwa rangi nyeusi mbichi wakati gari ina miaka kumi na tano, nyanyuka, jikung'ute, aga vizuri uende zako. Dalali atakwambia "bro utaharibu gari ya watu na nyundo". Kama kinyundo cha robo kilo kinaiharibu, boti itaifanyaje?

Haya, breki. Hapa shemeji na mi nina kosa, maana tela nililiona na sikusema kitu. Kila mtu anauliza inavuta? Hakuna anayeuliza inasimama? Hilux na Landkruza pikap, kiwandani wanasema tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, tela na mzigo pamoja. Lenye breki zake ndo unaongea tani, Landkruza 79 inaenda mpaka tatu na nusu, Hilux Vigo mbili na kitu mpaka mbili na nusu inategemea ni ipi. Sasa matela yetu haya yanayochomelewa mtaani kwa ekseli ya gari bovu, lipi lina breki? Boti ya faiba, injini yake, nyavu, madumu ya mafuta, tela lenyewe la chuma kizito, hapo 750 ulishaipita kabla hata dagaa hawajapanda. Alafu unarudisha gari kinyumenyume mpaka breki za nyuma zinazama ziwani zikiwa za moto. Najua, Tanganyika ni maji baridi sio bahari, sawa, lakini beringi ikinywa maji haiulizi yana chumvi au hayana.

Injini basi, maana najua mtanijia juu. Nakubali, injini nayo muhimu, furahini. Mi kwa kazi hiyo nachukua 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina haraka, muhimu ujue beliti ya taimingi ilibadilishwa lini maana inatakiwa kila kilomita 100,000, na muuzaji akikwambia "haijawahi kusumbua" maana yake haijawahi kubadilishwa. Hela ya Landkruza huna? Hilux ya 5L. Haina nguvu, mlima wa kwenda Kasulu ukiwa na tela utapitwa na bodaboda imebeba mikungu ya ndizi, lakini utafika. D-4D, ile dizeli ya Hilux za kisasa, inavuta vizuri mno nisiseme uongo, ila nozo zake hazipendi dizeli ya madumu na sisi ndo tunayoijua. Ford Ranger ya 3.2 inavuta kuliko zote hizo hapo kwa pesa yake, haya nimesema, ikilala spea unasubiri itoke Dar, kilomita zaidi ya 1,200. Usiku mwema.

Nenda asubuhi kabla hawajaiwasha. Ukikuta injini ya moto ujue wameficha kitu. Fungua radieta ikiwa ya baridi, ukiona mafuta yanaelea humo rudi nyumbani. Klachi: vuta handibreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu, ikizima ni nzima, ikiendelea kuunguruma imeisha.

Na hii ya "ilikuwa ya shirika" tuiache jamani. Zipo kweli, zinauzwa kwa mnada, na zingine zimetunzwa. Lakini kwa idadi ya pikap nilizoambiwa zilikuwa za shirika, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ingekuwa na foleni kama Ubungo. Na namba mpya isikutishe, herufi inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, sio ilizaliwa lini.

Tumetoa boti mchangani na vijana nane, mwenye mchanga amelipwa, pikap ikavutwa mpaka kwa fundi. Fundi kaingia chini, dakika mbili katoka, kasema anaweza kuchomelea lakini hajui achomelee wapi maana hakuna chuma cha kushika. Shemeji pembeni: "Ila injini umeisikia lakini?"

Jana jioni ameniomba nimpigie picha za gari aiweke sokoni, simu yangu ina kamera nzuri. Nimemwambia sawa shem, ila naanza na za chini. Ameisoma meseji, mpaka sa hizi hajajibu.