Hizo wati 500 ziko wapi?

Inakera sana kuingia duka la Luthuli Avenue, Nairobi, na kuuziwa kasha la kompyuta lenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) "ya wati 500" nyepesi kama kopo tupu. Igeuze usome kibandiko. Kwenye safu ya volti 12 utakuta ampea 18. Zidisha: wati 216. Hizo ndizo zinazolisha prosesa na kadi ya michoro. Nyingine ni za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya siku hizi haizihitaji sana.

Sasa mtu amejinyima akanunua kadi ya michoro ya RX 580 ya mtumba. Kadi hiyo peke yake hula wati 185. Ongeza prosesa ya Ryzen 5 ya wati 65, umefika 250. Mashine itawaka, itafungua Windows, hata filamu itacheza. Mchezo ukipamba moto tu, giza! Imejizima. Fundi analaumu kadi, mwenye mashine anabadilisha RAM bure.

Mbaya zaidi ni ile adapta ya Molex. Pawa saplai haina waya wa pini 8 wa kulisha kadi, basi muuzaji anakuchomekea adapta hiyo kwenye plagi moja ya Molex, iliyokusudiwa diski. Pini zinapata moto, plastiki inageuka kahawia, harufu ya kuungua inaanza. Hilo si jambo la kumfanyia mteja!

Wauzaji, tangazeni ampea za volti 12. Na wewe mnunuzi, kwa kadi kama hiyo dai angalau ampea 36, na waya wa pini 8 unaotoka ndani ya pawa saplai yenyewe. Taa za rangi kwenye kasha zitasubiri.